Mti wa Mgodini

Siku zote mama alisema baba aliuawa na mti uliomwangukia ndani ya mgodi wa makaa ya mawe. Watu wakamcheka. Shangazi, dada yake baba, hakuficha: "Wifi kachanganyikiwa. Chini ya ardhi mti umetoka wapi?"

Kazi yangu ni kutambua mimea iliyogeuka mawe. Leo nimeletewa jiwe nene la mviringo, lililodondoka kutoka dari ya mgodi uleule. Nikalisugua kwa brashi, yakajitokeza makovu ya majani, yamepangana kama magamba ya samaki. Lilikuwa shina la mti, lililosimama juu ya vichwa vya wachimbaji miaka yote.

Nikampigia mama simu. "Mama, ulikuwa mti kweli."

Akanijibu papo hapo:

"Mpigie shangazi yako."