Akina Mama wa Haslow Juu ya Mizani

Lorna Hesketh alikuwa mpanga uzito, kazi ambayo abiria wengi hawajui hata kama ipo. Kabla ndege ya kampuni ya Northmoor haijaondoka Manchester, yeye ndiye aliyejumlisha kila kitu: ndege yenyewe ikiwa tupu, mafuta, mizigo, maji ya chai, marubani, na watu wa kujaza viti vyake mia na kumi na tisa. Watu hawakupimwa. Sheria ilimruhusu kukadiria: mwanamume ratili mia na sitini na tano, yaani kilo sabini na tano hivi, mwanamke mia na arobaini na tatu. Wanene wakichanganyika na wembamba, hesabu hujisawazisha yenyewe. Jumla isipozidi kikomo, kapteni anatia sahihi na safari inaanza.

Ila sheria hiyohiyo ilikuwa na mkia. Likija kundi ambalo kila mwenye macho anaona kuwa si la kukadiriwa, timu ya raga kwa mfano, lazima lipimwe kweli. Na Jumamosi moja ya Julai 1972, mvua ikinyesha kama kawaida yake, waliingia ukumbini akina mama arobaini wa Klabu ya Kupunguza Mwili ya mji wa Haslow. Walikuwa wanakwenda Palma, kisiwani Uhispania, kupumzika baada ya miezi tisa ya kabichi ya kuchemsha.

Kapteni Rushworth aliwatazama, kisha akamtazama Lorna.

"Ratili mia na arobaini na tatu, hawa?"

"Nimewaona, Kapteni."

"Leo tumejaa mpaka kooni. Viti vyote vina watu, na chini kuna yale mapipa ya bia ya baa za Waingereza wenzetu huko Palma. Sina nafasi ya kubahatisha. Wapime."

Lorna akageuka kuwatazama tena. Mbele ya kundi lile, amevaa mkanda wa hariri ulioandikwa Malkia wa Kupungua, alikuwa amesimama mama yake mzazi.

Winifred Hesketh hakuwa mama mbaya. Alimlea Lorna peke yake kwa mshahara wa kiwanda cha pamba, na viatu vya shule havikuwahi kukosekana. Lakini mezani, salaala! Tangu Lorna ana miaka kumi, sahani yake ilikuwa na msimamizi. "Acha hivyo viazi, Lorna. Vimetosha." Lorna sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa, ana chumba chake na ufunguo wake, na bado alikula kasimama, harakaharaka, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Alimpenda mama yake, lakini jambo hilo la sahani hakuwahi kumsamehe.

Aliyefurahia habari ya kupimwa alikuwa mmoja tu, Bi Clegg, kiongozi wa klabu.

"Tupimeni!" alisema kwa sauti ya kanisani. "Hatuna cha kuficha. Mizani hii hapa, na mpiga picha wa gazeti letu huyu hapa. Malkia apande kwanza! Stoni kumi kamili, wasomaji wajionee."

Waingereza hupima miili yao kwa stoni, na kila stoni ni ratili kumi na nne. Mizani aliyoionyesha ilikuwa ya masanduku, yenye uso mpana kama saa ya stesheni, na foleni nzima ya abiria wengine ilikuwa inaitazama. Mpiga picha alikwisha kupiga goti. Winifred akamshika Lorna mkono wa koti, akamvuta mpaka nyuma ya kibanda cha kadi za posta.

"Niandikie tu stoni kumi, mwanangu. Nani atajua?"

"Ndege itajua, Mama. Haidanganyiki ile."

"Basi mimi sisafiri. Narudi nyumbani."

"Kwa nini? Una stoni kumi au huna?"

Winifred akachungulia kama kuna anayesikia. "Ile mizani yetu pale ukumbi wa kanisa, imekaa kando ya piano. Wiki ya kwanza niliyumba, nikaegemea piano kwa kiwiko. Kidogo tu! Mshale ukashuka, Bi Clegg akapiga makofi, wote wakapiga makofi. Sasa niambie, nani angeondoa kiwiko baada ya makofi yale?"

"Mama!"

"Usiniite Mama kwa sauti hiyo."

"Kweli kweli, una ngapi?"

"Sijui. Sijapanda mizani bila piano tangu Oktoba."

Ukweli usemwe: Lorna alifurahi. Viazi vyote alivyoviacha sahanini vilimjia kimoja kimoja. Hakuhitaji hata kuwa mkatili, alihitaji kufanya kazi yake tu. Angesema "Panda, Mama," na mshale ungemaliza mengine mbele ya foleni, mbele ya gazeti, mbele ya Haslow yote. Kisha akaona mkono wa mama yake ukiuvuta ule mkanda wa hariri uje kufunika tumbo. Lorna alilijua lile tendo. Yeye mwenyewe alilifanya kila siku, kwa sweta. Furaha yote ikamkauka.

"Ngoja hapa," alisema. "Usiende popote."

Alikimbia na mvua mpaka ghala la mizigo, kwa Alf Tattersall, msimamizi wa mizani ya malori.

"Alf, nataka kupima basi."

"Basi tupu?"

"Tupu kwanza. Halafu na watu arobaini ndani yake."

Alf akachungulia dirishani, akawaona akina mama kwenye vioo vya ukumbi. "Sawa. Ila wa kuwaambia ni wewe, dada. Mimi nina mke nyumbani, nayapenda maisha yangu."

Lorna aliwaambia. Mikoba yote ibaki ukumbini chini ya ulinzi, wao wapande basi, basi lipande mizani. Bi Clegg akaja juu.

"Na picha ya Malkia wetu, je? Watu watajuaje kila mmoja ana ngapi?"

"Ndege haina haja ya kujua nani ana ngapi, Bi Clegg. Inataka jumla."

"Mungu ambariki huyu msichana!" mtu akasema kutoka nyuma, na kabla Bi Clegg hajageuka kuona ni nani, wanawake wa Haslow walikuwa wanapanda basi kwa kasi ambayo hawakuwahi kuionyesha katika mazoezi ya viungo. Bi Clegg akafuata, akakaa kiti cha mbele.

"Jumla naijua mimi," alimwambia Lorna mlangoni. "Nilishaipeleka gazetini. Klabu nzima, nami nikiwemo, ni stoni mia nne na arobaini."

Dereva akasimamisha basi juu ya mizani, akashuka. Alf akasoma, akaandika kwenye kiganja, akamwonyesha Lorna. Lorna akatoa uzito wa basi tupu. Akatoa tena. Stoni mia nne sabini na nne. Zilikuwa zimezidi stoni thelathini na nne, na kiwiko cha mtu mmoja hakina nguvu hiyo hata kikiegemea piano ya kifalme.

Akainua macho. Ndani ya basi hakuna aliyemtazama. Mmoja alikuwa anasoma bango la zimamoto, mwingine anahesabu vifungo vyake. Winifred peke yake, kiti cha tatu, alikuwa amefumba macho akingoja kutajwa.

"Inalingana?" Bi Clegg aliuliza.

"Imezidi kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Stoni thelathini na nne."

 Winifred akafumbua macho, akageuka polepole kuwatazama wenzake, mmoja baada ya mwingine.

"Ni makoti," Bi Clegg alisema hatimaye, akitazama dari. Shingo yake ilikuwa imeiva. "Yamelowa."

"Makoti," wakaitikia nyuma.

"Yanakunywa maji kweli, haya makoti!"

"La kwangu limelowa tangu Krismasi!"

Mtu akacheka kwa pua. Mwingine akashindwa kujizuia, na mara basi zima likawa linatikisika kwa vicheko, Winifred akijifuta machozi kwa ncha ya mkanda wake. Alf akatoa kichwa kibandani. "Msichekee juu ya mizani yangu! Mshale unaruka!"

Mpiga picha alipiga picha ya basi.

Lorna alirudi na hesabu kwa Kapteni Rushworth: kundi limezidi makadirio ya sheria kwa ratili mia tisa na kumi na sita.

"Nani ashuke?" kapteni aliuliza. "Bia au akina mama?"

"Bia, Kapteni. Mapipa manane yakishuka, tunaingia ndani ya kikomo."

"Watanililia huko Palma. Haya, yashushe."

Kulibaki suala la viti. Klabu ilitaka kukaa pamoja nyuma, karibu na jiko, lakini ndege ya aina ile, One-Eleven, imebandikwa injini zake zote mbili mkiani na haipendi kuongezewa mzigo huko. Lorna akawatawanya safu za katikati, wakanung'unika, wakakaa. Kapteni akatia sahihi.

Mama yake alikuwa wa mwisho kufika kwenye ngazi. Lorna alikuwa amesimama chini na mwavuli.

"Kwa hiyo bado sijui nina ngapi," Winifred alisema.

"Hata mimi sijui, Mama. Hakuna anayejua."

Winifred akavua mkanda wa hariri, akaukunja mara mbili, akautia mfukoni. Akamtazama bintiye kuanzia viatu mpaka nywele, na Lorna, kwa mazoea, akavuta sweta.

"Umekula?"

"Nitakula zamu ikiisha. Leo kantini wana samaki."

"Na viazi?"

"Na viazi." Lorna alijikaza, maana sentensi iliyofuata aliijua kwa moyo.

"Vile vyote," mama yake alisema. "Kaa kitako, Lorna. Ule vyote."

Akapanda ngazi bila kugeuka.

Ndege iliondoka salama, tena ilitumia sehemu fupi ya njia ya kurukia kuliko Lorna alivyotarajia. Saa saba aliingia kantini, akavuta kiti, akakaa. Alf, aliyekuwa meza ya pili, alimwona anakula viazi vilivyonyunyiziwa siki huku machozi yanamtiririka, akamwuliza kulikoni. Lorna akasema ni siki.