Mwenyekiti Asiyelowa

Bomba la msikitini lilikuwa halitoi maji tangu asubuhi, kwa hiyo alasiri ile Mwenyekiti Kurwa alipita uani kwa Mwanaima kuomba maji ya udhu. Mwanaima ni mjane, nyumba yake imepakana na msikiti. Akaweka kando ungo wa dagaa aliokuwa akiwachambua, akaleta birika, akammiminia mwenyewe. Maji yakaanguka viganjani, yakajikusanya matone matone, yakateleza kama juu ya jani la mgimbi, yakaishia mchangani. Viganja vikabaki vikavu.

"Mwenyekiti, hujalowa."

"Nimeona. Mimina tena, Mama Shadia."

Akamimina tena. Uso ukakataa, na miguu nayo ikakataa. Msikitini walikuwa wanakimu sala, basi Kurwa akaenda kuswali mkavu hivyo hivyo. Mwanaima akarudi kwenye ungo, lakini mikono haikutulia. Akawa anachambua dagaa aliokwisha kuwachambua.

Yeye si mtu wa kukisia ya wenzake, lakini hili lilimhusu. Tangu ziwa lipande na kumeza mwalo wa Ujiji, ufuko wa kuegesha mitumbwi, pahali pakavu pekee pa wanawake kuanikia dagaa palikuwa kile kiwanja kilichoinuka, chenye ua wa minyaa. Kiwanja ni cha mtaa. Kurwa alipochaguliwa kuwa mwenyekiti, aliapa mara mbili. Kwanza msikitini, kwamba uongozi ni amana na ataulizwa juu yake. Kisha kwa desturi ya Waha wa zamani, ambao mteko wao, yule mlinzi wa ardhi, hakutoa neno la shamba la mtu mpaka aketi chini, udongo mtupu, bila mkeka. Kurwa aliketi katikati ya kiwanja kile na kanzu yake nyeupe, magamba ya dagaa yakamganda, wanawake wakapiga vigelegele. Mwanaima ndiye aliyewapitia nyumba kwa nyumba wampigie kura.

Sasa kiwanja amempa Dismasi, mfanyabiashara wa Gungu, ajenge ghala. Neno hilo alilitoa akiwa ndani ya gari la Dismasi, vioo vimepandishwa. Wanawake waliambiwa waondoe chanja zao za kuanikia kabla mwezi haujaandama.

Watu walimzoea Kurwa upesi. Mvua ikinyesha, wasio na mwavuli walijibana ubavuni kwake, wakapata ukavu upande mmoja. Mwanaima ndiye aliyeshindwa kuzoea. Alikwenda kiwanjani, akarudi, akaenda tena, ungo mkononi hauna kitu.

"Mwenzangu, utaitoboa njia," akasema Yunisi, Mkristo wa Buzebazeba anayeanika chanja ya jirani. "Hebu kaa."

"Nikikaa naona kama nimekubali."

Siku ya pili wakamkuta Kurwa kiwanjani, anamwonyesha Dismasi mipaka.

"Shikamoo, Mama Shadia."

"Marahaba, mwanangu. Sikuombi ulibadili neno lako. Nakuomba uketi hapo chini, pale pale ulipoketi siku ile, ulirudie tusikie."

Kurwa akautazama udongo. Ulikuwa unang'aa kwa magamba.

"Mama, suruali hii nimetoka kuipiga pasi."

Dismasi akacheka.

"Na ile kanzu ya siku ya kiapo?" akadakia Yunisi. "Au pasi zilikuwa hazijafika Ujiji?"

Wanawake nao wakacheka. Kurwa akarudi nyuma hatua kadhaa, akateremka, akaingia ziwani bila kuangalia. Ziwa likampisha. Maji yalisimama kando huku na huku, chini kukabaki kukavu, na mtumbwi mmoja uliokuwa umefungwa hapo ukalala ubavu.

Dismasi akaacha kucheka. Akashuka, akaipima ile nchi kavu kwa macho.

"Mwenyekiti, hebu sogea mbele kidogo."

Kurwa akasogea. Maji yakasogea.

"Tena."

Halafu akatoa simu, akawaita mafundi.

Hivyo ndivyo ukuta wa ghala ulivyojengwa mpaka ndani ya ziwa. Kila asubuhi Kurwa aliwekewa kiti cha plastiki, akanywa chai yake pale, na mafundi wakapanga mawe ya msingi pembeni yake. Wanawake wakang'oa chanja. Yunisi akahamia kando ya barabara, dagaa wake wakaingia vumbi, wateja wakaanza kumkimbia. Mwanaima aling'oa nguzo zake mwenyewe, na pale zilipotoka akachota udongo, akajaza beseni, akaondoka nalo kichwani. Hakuna aliyemuuliza wa nini.

Suala la udhu likamfikia imamu. Imamu akasema dini ni nyepesi: asiyefikiwa na maji atatayamamu kwa udongo safi. Tabu ikawa udongo wenyewe. Wa mwaloni ulikuwa chini ya maji, wa barabarani ulikanyagwa na mbuzi na pikipiki, na kiwanja chote Dismasi alikuwa ameshakimwagia zege. Udongo uliofagiwa na wanawake miaka yote ulikuwa umebaki kwenye beseni moja.

Kurwa akaja alasiri.

"Mama Shadia, naomba udongo nikaswali."

Mwanaima alisimama mlangoni. Kumnyima mtu cha kuswalia hakuweza. Hata marehemu mumewe asingemsamehe. Akalitoa beseni, akaliweka chini.

"Karibu uketi. Mkeka hakuna."

Kurwa akalitazama beseni, akaitazama suruali. Kisha akaliinua, akaliweka juu ya ukuta mfupi wa ua, likamfika kifuani. Akapiga viganja udongoni akiwa amesimama, akapaka uso, akapaka mikono. Udongo ulimshika vizuri.

"Ahsante, mama. Nitapita na kesho."

Akaenda zake msikitini, magamba mawili matatu yakimng'aa kwenye paji la uso. Mwanaima akachungulia beseni: limepungua. Akalifunika kwa ungo, akaketi. Akainuka, akalihamishia ndani. Akaketi tena, na kabla hajakaa vizuri akawa ameshainuka.