Mashine Mbili za Baridi

Jumanne, tarehe saba Oktoba 1986, ndiyo siku mambo yalipoharibika, kwa sababu siku hiyo Masele alifungua mzigo aliokuwa amekwisha kuufunga.

Mzigo wenyewe ulikuwa mkeka, blanketi, sufuria moja na kanga za mkewe, Mbuke. Lori la mnunuzi wa dagaa lilikuwa limesimama nje ya kota za kiwanda cha pamba, injini inanguruma, na dereva alikwisha kukubali kumpakia Mbuke, aliyekuwa mgonjwa, kiti cha mbele mpaka Nkome kwa mdogo wake, ambako upepo wa ziwa unavuma mchana na usiku. Hospitali kubwa walikuwa wamemrudisha. Moyo umechoka, walisema, miguu itazidi kuvimba, mpeni dawa hizi na mumlaze mahali penye ubaridi. Kumwambia mtu wa Shinyanga atafute ubaridi mwezi wa kumi, kabla ya mvua, ni sawa na kumwambia akavue sato kwenye shamba la pamba. Lakini Nkome ubaridi upo, tena ni wa Mungu, haujapata kupitia kwenye kamati.

Ndipo kengele ya kiwanda ikagongwa, watu wote wakaitwa mkutanoni.

Mbele ya ghala yalikuwa masanduku mawili, kubwa na dogo, na juu yake bomba la shaba limeviringishwa kama chatu aliyeshiba. Wazungu waliouza mashine mpya ya kuchambua pamba walikuwa wametuma zawadi kwa njia ya treni. Meneja, Ndugu Donatus, mtu aliyesoma Ulaya mpaka akasahau kusalimia, aliyatazama masanduku kwa furaha.

"Ndugu wafanyakazi," alisema, "hivi ni viyoyozi. Vinapooza hewa ndani ya nyumba. Tumeletewa viwili."

Hakuna aliyeuliza amejuaje kuwa ni viwili. Masanduku yalikuwa mawili. Hata mtoto angehesabu.

Akasimama Hatibu, mwenyekiti wa kamati ya kiwanda. Huyu babu zake walipanda bara na misafara ya pembe, na yeye alirithi Kiswahili kitamu, kile ambacho mtu anakunyang'anya kitu nawe unamshukuru.

"Viongozi wabaya," alisema Hatibu, "wangechukua vyote viwili. Wa kwetu anachukua kimoja. Tena anachukua kile kidogo, kwa sababu wageni wa wizara hulala nyumbani kwake na aibu ya mgeni ni aibu yetu sote. Kile kikubwa kinakwenda zahanati, kwa wagonjwa wetu. Kikubwa kwa wanyonge, kidogo kwa mkubwa. Nani anapinga?"

Watu wakapiga makofi. Masele alipiga mpaka viganja vikawaka, maana kwenye zahanati ile Mbuke alikuwa na kitanda chake.

"Na hili bomba?" mtu aliuliza.

"Hilo ni la kufungia mzigo," alisema Hatibu. "Lipelekwe stoo."

Masele alirudi kwenye lori, akashusha mkeka, akashusha sufuria.

"Nenda salama," alimwambia dereva. "Baridi imetufuata hapa hapa."

Dereva alitema mate chini. "Baba, zawadi iliyopita mikononi mwa wakubwa usiihesabu mpaka uishike."

"Nimeiona kwa macho. Sanduku letu ni kubwa kuliko la meneja."

"Hata jeneza ni sanduku kubwa," alisema dereva, akaondoa gari.

Fundi umeme wa kiwanda alizifunga mashine zote mbili siku moja. Nyumbani kwa meneja ile ndogo, ndefu kama mzinga wa nyuki, ilibandikwa ukutani sebuleni juu ya redio. Ilipowashwa ilitoa upepo, si wa moto si wa baridi. Lakini meneja alikuwa ameona Ulaya jinsi ya kuishi na kitu hicho, akafunga madirisha yote, akavaa sweta. Wageni walioalikwa waliketi humo mlango umefungwa, jasho linawatiririka, wakaulizwa mnaonaje, wakajibu kwamba kwa kweli kuna tofauti. Mkewe, Mama Zipora, aliifumia mashine kitambaa cheupe chenye maua, akaivisha kama wanavyovisha redio.

Ile kubwa ikapelekwa zahanati. Ilikuwa kama kreti la chuma, feni ndani. Ikawekwa juu ya meza katikati ya wodi, uso wake ukielekezwa kitanda cha Mbuke, kwa heshima. Fundi akaichomeka moja kwa moja. Meza ikatetemeka, vikombe vya dawa vikaanza kutembea, feni ikazunguka kwa kishindo, na upepo ukatoka wa moto kama wa mlango wa tanuri.

"Inazoea hali ya hewa," alisema mganga wa zahanati. "Kitu cha Ulaya kikifika kwetu lazima kihangaike kidogo."

Wakaiacha ihangaike. Wagonjwa wengine, wenye miguu ya kutembea, walihamia barazani. Mbuke hakuwa na miguu hiyo. Ilikuwa imevimba mpaka magotini, na pumzi ilimjia kwa zamu.

"Baba Limi," alimwambia mumewe, kwa jina la binti yao aliyeolewa Kagongwa, "huyu mgeni wenu anapumua kama mimi."

"Bado anazoea, mayu," alijibu Masele, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Tofauti ni kwamba yeye ana umeme." Alitafuta pumzi nyingine. "Mimi sitaki mambo makubwa. Nilale usiku mmoja tu, mgongo usiungue. Halafu mniulize lolote."

Masele akaondoka pale na sentensi hiyo, akawa anatembea nayo kiwandani kama mtu mwenye mwiba ambaye hana pa kukaa autoe. Kazi yake ilikuwa kufunga marobota ya pamba, kazi ya mikono na shingo. Darasa la nne hakulimaliza. Aliamini kwamba waliolimaliza wanajua wanachofanya, na imani hiyo ndiyo iliyomgharimu.

Jumatano ya wiki iliyofuata alifika fundi wa majokofu kutoka Mwanza, Akida, kuja kutengeneza friji ya chanjo. Akasikia kishindo wodini, akachungulia, akasimama mlangoni mkono kiunoni.

"Hii mmeiweka humu kwa nini?"

"Inatupoza," alisema Masele.

"Inakupoza wewe?"

"Inasemekana."

Akida akaicheka ile meza, halafu akamwona mgonjwa akaacha kucheka. "Shikamoo, mama. Samahani." Akamgeukia Masele. "Mzee wangu, hii hukaa nje. Kazi yake ni kutema joto linalotolewa ndani. Ninyi mmeiingiza ndani iwatemee. Mwenzake yuko wapi?"

"Mwenzake nani?"

"Yule wa ukutani. Hawa ni Kulwa na Doto, mzee. Tumbo moja. Mmoja nje, mmoja ndani, na kitovu chao ni bomba la shaba. Ukiwatenga hakuna hata mmoja anayefanya kazi."

Masele, kama Msukuma yeyote, alijua Kulwa ni nani na Doto ni nani. Kwao pacha hapewi kitu peke yake. Ukimpa mmoja mahindi ukamnyima mwenzake, unatafuta balaa. Lakini hakupata kusikia watu waliogawana mapacha mkutanoni kwa makofi.

"Ukiwapata wote wawili pamoja," alisema Akida, "kesho asubuhi naanza, jioni mama analala kwenye baridi. Keshokutwa naondoka na treni."

Masele akaanza na bomba, maana wanyonge huanza na kilicho karibu. Stoo halikuwapo. Mtunza stoo alitazama dari, akasema pengine panya. Panya wa kiwanda kile walijulikana kwa kupenda shaba. Masele hakubishana. Akazunguka nyuma ya kota mpaka kwa Serafina mpika gongo, akalikuta bomba limetumbukizwa kwenye pipa la maji, linatoa tone baada ya tone, safi kama machozi.

"Ni la mashine ya Mbuke," alisema.

Serafina hakuuliza mara ya pili. Alichomoa kuni chini ya mtungi wa gongo, akalitoa bomba, akalifuta kwa kanga yake. "Chukua, shemeji. Mbuke alinifundisha kusuka nikiwa sina hata ungo. Mwambie tu likinuka asishangae."

"Walevi watakula nini?"

"Watakula ugali, kama watu wengine."

Basi bomba likapatikana, kutoka kwa mtu ambaye kamati ilimtangaza kila mwaka kuwa adui wa maendeleo. Ikabaki ile ya ukutani.

Meneja alimpokea Masele sebuleni, madirisha yamefungwa, sweta mwilini. Mwenyekiti Hatibu alikuwapo, anajipepea na kofia yake. Masele akawaeleza alichosema fundi, mpaka habari ya Kulwa na Doto. Hatibu akaacha kujipepea.

"Masele," alisema meneja, "mkutano ulipitisha mashine mbili. Na wewe ulipiga makofi, nilikuona."

"Nilipiga, mzee."

"Taarifa imekwenda wizarani kwamba mbili zimefungwa na zinafanya kazi. Sasa unataka niseme ni moja?"

"Nataka mke wangu alale."

"Sikiliza, ndugu yangu," Hatibu aliingia kwa sauti yake ya asali. "Kama ni mbili, meneja amewapa wagonjwa mashine kubwa, ni mtu wa watu. Kama ni moja, ina maana amechukua nusu ya mashine ya wagonjwa akaitundika kwake. Unaona neno moja linavyoweza kumchafua mtu? Jambo hili linataka kikao."

"Kikao lini?"

"Kesho anakuja mgeni wa wizara. Analala hapa mpaka Jumamosi. Huwezi kubomoa ukuta mbele ya mgeni. Jumatatu, Mungu akipenda."

"Fundi anaondoka keshokutwa."

"Mwanza haiishiwi mafundi," alisema Hatibu.

Mama Zipora alisimama mlangoni na chai. Aliitazama ile mashine yenye kitambaa chake, akamtazama Masele. "Baba Zipora," alimwambia mumewe, "tangu kitu hiki kiingie, mimi nalala jikoni kwa joto. Si umpe tu?"

"Leta sukari," alisema meneja.

Akida akangoja mpaka treni ikapiga honi. Kabla ya kuondoka aliichomoa kwenye umeme kwa mkono wake ile kubwa, ambayo mganga alikataa izimwe kabla mgeni wa wizara hajaiona, na wodi ikawa na ubaridi kuliko wakati wowote tangu zawadi ifike. Masele akauliza kama bado anaweza kumpeleka mkewe Nkome. Mganga akaitazama miguu, sasa imevimba mpaka mapajani, akasema barabara itammaliza kabla ya ziwa.

Akabaki na ungo. Alikaa pembeni ya kitanda akampepea kwa ungo wa kupepetea mchele, mkono wa kulia ukichoka anahamia wa kushoto, kazi aliyoizoea, kama ya kufunga marobota. Mbuke alimtazama.

"Hii mashine nzuri," alisema. "Haina kelele. Wabeja, asante, Baba Limi."

Jumamosi mchana, saa ambazo gari la mgeni wa wizara lilikuwa linapakiwa zawadi za mchele na asali, Mbuke akafa. Mganga alisema ni moyo. Alipoulizwa kama si joto, alijibu kwamba joto halimo kwenye magonjwa aliyofundishwa.

Kikao cha Jumatatu hakikukaa, kwa sababu wajumbe walikuwa msibani kwa Masele, ambako meneja alitoa gunia la mahindi na Hatibu akatoa maneno mazuri mpaka Serafina akatoka nje.

Mkutano wa wafanyakazi uliitishwa arobaini ilipokwisha. Hatibu alisoma mafanikio ya mwaka. Marobota yameongezeka. Choo cha kota kimepigwa chokaa. Viyoyozi viwili vimefungwa, kimoja nyumba ya wageni, kimoja zahanati, vyote vinafanya kazi. Watu wakapiga makofi. Masele hakuinua mikono yote miwili. Aliinua mmoja.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza."

"Uliza, ndugu yetu. Pole tena na msiba."

"Nimeshapoa. Mimi sikusoma, nataka kufahamishwa tu. Pale nyuma yenu ukutani pameandikwa kiwanda kina mali gani na ngapi. Matrekta naweza kuyahesabu, mizani naweza kuihesabu. Ile ya kwa meneja na ile ya kwa marehemu mke wangu," alisema Masele, akaweka bomba la shaba juu ya meza yao, bado linanuka gongo, "ni mashine ngapi?"