Mashine Ikishapoa

Zahran alikiandika kiendeshi kile peke yake, katika chumba cha juu katika mtaa wa Malindi, kando ya bandari, ambako honi za meli ziendazo Dar es Salaam hukatiza kila mazungumzo. Ni programu iliyomo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, na kazi yake ni kuiamuru prosesa, ule ubongo wa mashine, iende mbio panapokuwa na shughuli na ipunguze mwendo inapopata joto. Kwa muda mrefu watu wa nchi za mbali walikitumia bila kumwuliza neno, naye aliuhesabu ukimya wao kuwa ni heshima.

Kisha Muzna, mtoto wa ami yake, aliyekodi naye chumba kile, akaandika maelezo ya matumizi ya kiendeshi hicho. Msimamizi wa sehemu hiyo ya kerneli, mtu asiyewahi kumwandikia Zahran zaidi ya “Imepokelewa”, alimwandikia Muzna aya nzima ya sifa. Hilo lingevumilika. Lisilovumilika lilikuwa la nyumbani.

“Kumbe kazi yako ni kuizuia mashine isiungue!” mama yake, Bi Ghaliya, alimwambia wakati wa chakula. “Miaka yote nnakuuliza. Muzna kanieleza mara moja tu, nshafahamu.”

“Nilikueleza, mama.”

“Ulinisomea. Kueleza ni kwengine.”

Tangu hapo Zahran hakuweza kumsikia Muzna akichapa bila kuhisi kwamba kila herufi inamnyang’anya kitu. Kiendeshi kilikuwa chake, lakini watu walikijua kwa maneno ya mwengine.

Rasimu ya mwisho ya maelezo hayo ilimfikia Zahran aihakiki. Kwa desturi ya kazi ile, anayehakiki huweka jina lake chini ya maandishi, na jina hilo ni ahadi kwamba ameyasoma na anayakubali. Aliyasoma kwa uchu wa kukuta kosa, akalikuta. Muzna alikuwa ameandika kwamba mashine ikishapoa, kiendeshi chenyewe huirudishia prosesa kasi yake. Haikuwa kweli. Zahran hakuwahi kuiandika sehemu hiyo. Prosesa ikishapunguzwa mwendo hubaki vivyo hivyo mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya.

Neno moja lingetosha. Lakini akilini alimwona Muzna akisahihishwa mbele ya wasomaji wote, na msimamizi akiijutia aya yake, na moyo ukamtulia. Akaandika jina lake bila kugusa hata nukta.

“Hukuona kosa hata moja?” Muzna aliuliza. “Wewe, uliyenirudisha juzi kwa sababu ya mkato?”

“Safari hii umeandika vizuri.”

Maelezo yalipochapishwa, malalamiko yalitoka karibu kuliko alivyotarajia. Jecha, karani wa ghala la mizigo, alikuwa na kompyuta yenye prosesa ile ile chini ya paa la bati. Alipanda ngazi akihema.

“Waheshimiwa, mmeandika ikipoa itarudi. Imepoa mpaka imekuwa kama jiwe la kisima, na bado inatambaa!”

Muzna alipima, akaona kweli. Akaandika barua inayosomwa na wote wanaoitunza kerneli, akakiri kwamba maelezo yake na kiendeshi havilingani. Zahran akakaa kulingoja jibu la msimamizi, na lilipofika alilisoma akiwa amesimama.

“Maelezo yamethibitishwa na mwandishi wa kiendeshi mwenyewe,” lilisema. “Kwa hiyo hayo ndiyo yaliyokusudiwa, na kasoro imo katika kiendeshi. Nani atakirekebisha?”

Zilikuwapo sentensi mbili tu za kujitetea: kwamba alitia jina kwenye asichokisoma, au kwamba alikisoma akanyamaza. Akiwa bado anazipima, Muzna alituma marekebisho.

“Yanangoja mhakiki,” alisema, akimgeuzia kioo cha kompyuta. “Mwenye kiendeshi ndiye anayestahiki. Soma vizuri, Zahran.”

“Hata yale niliyasoma.”

“Nnajua uliyasoma,” alisema Muzna. “Hilo ndilo lililonichoma.”

Akatoka, akamwachia kiti. Marekebisho yalikuwa mafupi, na juu yake, ndani ya kiendeshi kile, lilikaa jina la Muzna. Zahran aliyapitia mstari kwa mstari. Hayakuwa na kosa. Akayasoma tena, kwa matumaini.