Tawi Lililokataa Kukunjwa

Mjukuu wangu wa kiume tulimwita Kobe, kwa sababu hakuwahi kuanza jambo bila kulipangia njia. Hata kabla ya kufua soksi alikaa kwanza akafikiri. Mdogo wake wa kike tulimwita Cheche. Huyo huanza, halafu ndipo anauliza alikuwa anafanya nini. Kobe nilimtania kuwa ni mume wangu, kama mabibi tunavyowatania wajukuu wetu wa kiume, na kwa hiyo Cheche akawa wifi yangu. Nyumba ilikuwa na watu watatu na utani huo.

Kazi yao ilikuwa moja. Kobe alipanga, Cheche akaandika. Kobe alikuwa na programu ya matawi kwenye kompyuta: unaandika neno kubwa, chini yake madogo, chini ya hayo madogo zaidi. Ukibonyeza tawi, linajikunja na kumeza yote yaliyo chini yake. Ukibonyeza tena, linakunjuka. Mimi nimeshona nguo za watu tangu ujana; mambo ya kukunja na kukunjua sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Cheche naye alikuwa na programu yake ya kuandikia programu nyingine, ukurasa mweusi wenye maandishi ya rangi kama shanga.

"Kobe, nimechoka kurukaruka toka kwako kuja kwangu kama chura," alikuwa akilalamika.

"Basi tujenge daraja, chura apite kwa miguu."

Wakaanza kutengeneza kitu walichokiita kiendelezi, cha kupachika ndani ya programu ya Cheche, ili mti wa Kobe ukae ubavuni mwa maandishi. Ukigusa tawi, unapelekwa moja kwa moja hadi pale kazi yenyewe ilipoandikwa.

Adhuhuri moja Kobe aliinuka kitini. "Bibi, narudi sasa hivi," akasema, akatoka kwenda kununua balbu ya jikoni. Gari lilimgonga pale kona. Sitaandika zaidi ya hapo.

Baada ya mazishi Cheche alihamia kwenye kiti cha kaka yake. Alisema anamalizia kiendelezi. Chakula nilimpelekea, nikarudi kukichukua kikiwa kimepoa. Nje hakutoka. Nilikaa kitandani kwa Kobe na nguo zangu za kupinda, nikimwangalia mgongo. Hofu yangu ilikuwa moja: mmoja nimeshamzika, na huyu wa pili anajizika mbele ya macho yangu, akiwa amekaa.

Siku kiendelezi kilipoanza kufanya kazi, aliukunja mti wote, akafunga mashine. Asubuhi alipofungua, tawi moja lilikuwa wazi. Liliandikwa "Kumalizia", na chini yake hapakuwa na neno. Palikuwa na kile kijiti cha kuonyesha mahali pa kuandika, kinawaka, kinazima, kinawaka. Akalikunja. Akafunga, akafungua. Liko wazi.

"Bibi, umegusa mashine hii?"

"Mimi? Mimi hata redio naibishia hodi."

Hakucheka. Akalikunja tena, likakunjuka tena. Siku zilizofuata aliacha hata kulikunja. Alikuwa akifungua, analitazama, basi. Asubuhi moja nilisimama mlangoni na kikombe cha uji nikamsikia akisema polepole, "Andika basi. Niko hapa." Uji ulinimwagikia mkononi, wala sikuusikia moto wake.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Alikuwa anaanza kuandika kitu, Bibi. Huoni? Alifungua mahali, akainuka. Nikiliacha wazi labda…"

"Labda nini?"

Kile kijiti kiliwaka na kuzima, nami, Mungu anisamehe, nikajikuta nakisubiri.

Rafiki yao mmoja wa kazini tulimwita Mpimaji, maana kazi yake ni kujaribu vitu vya wenzake mpaka viharibike. Cheche alikuwa amemtumia kiendelezi ili akijaribu. Mchana mmoja akapiga simu, Cheche akaiweka kwenye spika.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Cheche, hebu niambie. Nani yuko ndani ya mti wangu?"

"Mti gani?"

"Wangu! Mpya, nimeuanza leo. Una tawi la 'Kumalizia'. Mimi silijui. Nimelifuta, limerudi. Nimezima mashine, nimekula, nimeoga, nimerudi nalikuta liko wazi, na kijiti kinanikonyeza humo ndani. Mimi si mwoga, lakini nimehamia sebuleni."

Nilicheka. Cheche hakucheka. Alikata simu, akafungua ule ukurasa wake mweusi, akaanza kusoma kazi yake kuanzia juu, kidole kikifuata mistari. Nilimaliza upindo wa suruali mbili. Kisha kidole kikasimama.

"Ni mimi," akasema.

Akanieleza taratibu. Mtu mpya anapopachika kiendelezi, asikute ukurasa mtupu, anawekewa mti wa mfano. Yeye, kwa haraka zake, alinakili mti wa Kobe ili uwe mfano, akafuta maneno yote. Tawi la mwisho akaliacha. Hakumbuki hata kama aliliacha kwa makusudi. Na ndani ya mti, pasipoonekana, kuna alama ya lipi liko wazi na mwenyewe aliishia wapi. Kiendelezi alikuwa amekiamuru kiitii alama hiyo kila kinapofunguliwa, hata kama tawi limekunjwa au limefutwa.

"Kila atakayekipachika atamkuta Kobe pale alipoinukia," akasema.

"Kwa hiyo si yeye."

"Si yeye, Bibi."

Hapo ndipo alipolia, kilio ambacho siku ya mazishi hakikutoka. Nilimshika kichwa mpaka kikapungua.

"Nikirekebisha, alama inafutika," akasema. "Hatakuwa amebaki mahali popote."

Nikamwambia lililokuwepo: "Mpimaji wa watu bado yuko sebuleni."

Kicheko kikamtoka na kamasi. Akajifuta kwa suruali ya mteja wangu, akageukia mashine. Alipomaliza kuandika akanishika kidole, tukabonyeza pamoja. Tawi likajikunja. Akafunga, akafungua. Limekunjwa. Kijiti kilikuwa kimehamia juu kabisa, mwanzo wa mti, kama vile hapajawahi kukaa mtu.

Akainuka kitini.

"Jikoni bado giza."

"Tangu siku ile."

"Naenda kununua balbu." Alisimama mlangoni muda, mkono kwenye kitasa.

"Usiniambie unarudi sasa hivi," nikasema.

"Sisemi."

Nilikaa nimeelekea mlango, sindano mkononi, na nadhani sikushona hata mshono mmoja. Kila gari lililopunguza mwendo pale kona lilinipunguza nami. Kisha nikasikia ndala zake. Akapanda kigoda, akapachika balbu, na jikoni nikaona utando wa buibui wa muda wote ule.

"Wifi, njoo ule," nikasema. Neno hilo sikuwa nimelitamka tangu mazishi. Akala, akaongeza.

Kuna jambo ambalo hatukuwahi kulizungumzia. Tangu Kobe alipotoka, mlango wa mbele sikuufunga kwa komeo. Niliurudishia tu. Jioni hiyo, Cheche akinitazama, nililiinua komeo na kulisukuma. Ni la chuma, lina kutu. Lazima uliinue kwanza ndipo liteleze, na linalia.

Asubuhi, kabla ya kuosha uso, nilipita chumbani kwa Kobe. Cheche alikuwa ameshafungua mashine. Tawi limekunjwa. Tukaenda sebuleni pamoja. Komeo lilikuwa limevutwa nyuma, limefunguliwa, na mlango umerudishiwa tu, upepo unauchezesha polepole. Hakuna kilichopotea.

Sikumuuliza Cheche. Naye hakuniuliza mimi.