Wageni wa Bwawani

Mimi Tabea sijawahi kutia samaki mdomoni, na sitaanza uzeeni. Sisi wa huku mlimani samaki tulimhesabu ndugu yake nyoka. Ndiyo maana Calvin, bwana samaki wa wilaya, aliponishikisha ndoo ya vifaranga vya perege, nusura niitupe.

Ila sikuwa na ujanja. Bei ya kahawa ilipoanguka, shemeji yangu Ephraimu aling'oa mibuni, akapanda nyanya, na mbolea yake ikawa inateremka na mvua hadi bwawani kwangu. Maji yakawa ya kijani, mazito kama mlenda, ng'ombe wakayakataa. Ephraimu akasema Pasaka ikiyakuta hivyo, analifukia bwawa apande nyanya. Achafue yeye, afukie yeye! Bwawa hilo marehemu mume wangu, Sumari, alilichimba kwa jembe na kuliwekea ngazi za mawe za kushukia. Niliumia, jamani.

Calvin alinieleza kuwa perege huyachuja maji mdomoni na kuula ule ukijani wenyewe. Akanionya nisiwape chochote.

Nisiwape chochote? Mgeni alale njaa kwangu, watu waniseme kanisani? Kila asubuhi niliwamwagia pumba, jioni makombo ya makande. Walinenepa hao! Maji nayo yakazidi kuwa ya kijani, nami nikawa namlaani Calvin kimoyomoyo.

Miezi miwili kabla ya Pasaka alirudi, akaliona sinia langu la pumba pale ukingoni. Hakufoka.

"Mama, mgeni siku mbili," alisema. "Ya tatu mpe jembe."

Nilicheka, kisha nikaona haya. Kuanzia siku hiyo nikawanyima. Nikachimba na mfereji, maji ya shamba la nyanya yakaenda migombani. Wale samaki walikuwa wakinijia ukingoni midomo wazi, nami nageuza uso nisiwaonee huruma.

Jumatatu ya Pasaka Ephraimu alikuja na koleo lake. Maji hayakuwa ya chemchemi, lakini ngazi zilionekana chini: moja, mbili, tatu. Ephraimu aliinama ukingoni, akazihesabu kwa kidole.

"Hiyo ya tatu tuliibeba wawili, mimi na kaka," alisema. "Nilidhani ilishazama."

Akaliegemeza koleo kwenye mgomba, akavua viatu, akashuka kuikanyaga.