Mapatano ya Tano

Nyamoita hakuigusa soda. Aliuliza kwanza ni nani ameinunua. Leonida akamwambia ni Maranga, mwenye kiwanda, na kwamba amemnunulia kila mtu. Nyamoita akaisukuma chupa kwa mkono wa kushoto mpaka ukingoni mwa meza. Wa kulia ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa leso, vidole vimevimba, kucha zimekuwa nyeusi. Miezi mitatu tangu mkanda wa mashine ya kusagia mawe ya dhahabu umvute mkono huo, na Maranga alikuwa na neno moja tu: mama alizembea.

"Na wewe umekuja na gari la nani?" Nyamoita akauliza.

La Maranga, la nani tena? Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kuja kiwandani Masara, na Leonida alitoka mbali, Uriri. Aliona aibu, akaeleza kwamba hana upande. Ndiyo kazi yenyewe. Miaka miwili alikuwa akienda Homa Bay kila Jumapili kusomea upatanishi wa kazini, mpaka akauza cherehani ili alipe karo. Ili jina lake liingie kwenye orodha ya wapatanishi alihitaji mapatano matano yenye sahihi za pande zote mbili. Alikuwa na manne. Hilo hakumwambia Nyamoita.

Alichomwambia ni kwamba watakayozungumza wakiwa wawili yatabaki pale pale. Nyamoita alimpima kwa macho, kisha akasogeza kiti. Mkanda ule ulikuwa na kifuniko cha chuma, akasema kwa sauti ya chini. Maranga aliamuru kitolewe kwa sababu kilichelewesha kazi. Fundi Omosa ndiye aliyekifungua, na yuko tayari kusema mbele ya yeyote, ila si sasa. Ana watoto wanne.

"Jina lake lisitoke hapa, madam."

Halikutoka. Haki ya Mungu, Leonida hakulitaja. Alipokaa na Maranga ofisini alifanya kama alivyofundishwa: usibishane na mtu, mpe swali la kumfikirisha.

"Tuseme kuna mtu alikusikia ukiagiza kifuniko kitolewe," akamuuliza. "Bado ungesema mama alizembea?"

Maranga hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Leonida wasiwasi. Alitazama dirishani, kule kwenye mashine, akawa kama anakumbuka siku moja na waliokuwepo siku hiyo. Hawakuwa wengi. Kisha akatabasamu, akamsifu kwamba amesoma vizuri.

Kesho yake Omosa alizuiwa langoni.

Nyamoita hakurudi kwenye kikao. Alipiga simu mara moja tu, akasema jina lile aliwahi kulitaja kwa watu wawili, mumewe na Leonida, na mumewe hajawahi kukanyaga kiwandani. Leonida alianza kueleza habari ya swali. Simu ilikuwa imeshakatwa.

Wiki mbili baadaye Maranga akamwita. Kuna mzozo mdogo na fundi, alisema, njoo utupatanishe. Leonida alijua ni fundi gani.  Akaenda hata hivyo, safari hii kwa bodaboda, nauli yake mwenyewe, kana kwamba hiyo ingesaidia kitu.

Karatasi alizikuta zimeshachapwa. Omosa anarudishwa kazini kuanzia Jumatatu. Naye anakiri kwamba kifuniko kilitolewa na Nyamoita mwenyewe, bila kuagizwa na mtu. Maranga akatoka nje, akawaachia chumba ili wazungumze kwa uhuru.

Omosa alikuwa amekonda. Leonida akaanza kumuuliza kama amesoma vizuri, kama anaelewa yule mama atapoteza nini.

"Usiniulize kitu, madam," Omosa akasema. "Wewe ukiuliza, watu wanafukuzwa. Nionyeshe tu mahali pa kusaini."

Leonida alifunua ukurasa wa pili, akamwonyesha kwa kidole. Omosa akasaini, akamsogezea kalamu. Chini ya jina la Omosa kulikuwa na mstari mwingine, mtupu, na pembeni yake neno moja: Mpatanishi.